Mvua imewafungia watoto ndani? Hivi ndo tunavyotengeneza nyumbani kwetu Uyole

Anayekaa Mbeya sina haja ya kumweleza mvua yetu, ila kwa mgeni niseme tu ikianza Novemba inaweza kukuachia matope mlangoni mpaka Mei, na wenzetu wa Tukuyu ndo usiseme, kule nguo zinakauka kwa imani. Sasa weka ndani ya hiyo nyumba watoto wawili, mmoja ana miaka sita mwingine mitatu na nusu, umeme hakuna, simu ina asilimia nne na wewe una maharage jikoni. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili wakaanza kurukia kochi. Siku ya tatu nikachukua kiazi, nikakikata katikati, nikawaambia haya njooni.

Tangu siku hiyo nimejaribu vitu vingi vya kutengeneza na watoto, vingine vimebuma vibaya sana, kwahiyo hapa naandika vile vilivyokubali tu, na kwa vifaa ambavyo mtu wa huku nyanda za juu anavyo jikoni, shambani au kwa jirani. Makaratasi ya manila na rangi za dukani sitaziongelea, kama unazo unazo.

Kwanza tandika. Gunia la mahindi lililokatwa au turubai, sio mkeka wako mzuri. Wavalishe tisheti za baba zilizochoka, kwa mtoto mdogo inakuwa gauni mpaka miguuni na hiyo ndo nzuri kabisa. Beseni la kunawia liwe karibu na maji yawe ya uvuguvugu, maana maji ya bomba ya hapa mwezi wa saba yanakata vidole, mtoto akiyaonja mara moja hatanawa tena siku hiyo. Halafu usijipangie makubwa, huyu wa miaka mitatu akikaa robo saa mshukuru Mungu, akiondoka mwache aende, atarudi akisikia mwenzie anacheka.

Gundi

Gundi ya kopo haina sababu. Sisi wenyewe tulikua tunabandika bahasha kwa ugali au punje ya wali, si ndo hiyo hiyo sasa tunaiboresha kidogo. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe kabisa, chemsha vikombe vitatu vya maji, yakichemka mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga kama unapika uji wa mgonjwa. Ikishakuwa nzito na inang'aa ng'aa, epua, iache ipoe. Tia chumvi kijiko kimoja isichache haraka. Kwetu kwa hii baridi inakaa siku tatu hata nne kwenye kopo lenye mfuniko, ukisikia harufu ya togwa mwaga. Unga wa muhogo nao unafaa na unashika zaidi, ila unakuwa wa kuvutika kama makamasi, watoto wanapenda lakini kufua hiyo kitu sio leo.

Mihuri ya viazi

Huku tumezungukwa na viazi, vile vya Isongole vinavyopita kwenye malori kwenda kuwa chipsi za Dar, kwahiyo kiazi kimoja cha kuchezea hakuna atakayelia. Chagua kile kilichoanza kuchipua au kina kidonda upande mmoja, kata katikati kwa kisu kikali na kwa pigo moja ili uso uwe bapa. Ukikata kwa kusuasua uso unakuwa na mawimbi na muhuri hautoi picha kamili, unatoa nusu. Chora umbo kwa kalamu, halafu wewe mzazi ndo uchonge, toa nyama ya pembeni kama nusu sentimita kwenda chini ili umbo libaki limesimama. Maumbo rahisi: nyota, pembetatu, samaki, mwezi. Usijitie kuchonga tembo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia na kilinisumbua wiki nzima ni kwamba kiazi kinatoa maji. Ukikichovya tu baada ya kukata, rangi inachanganyika na yale maji na wanga, unapata dimbwi badala ya nyota. Kilaze kifudifudi kwenye kitambaa kikavu dakika kumi hivi, kifute, ndo uchovye. Na usichovye kwenye bakuli la rangi, weka kipande cha godoro la sponji kwenye mfuniko wa ndoo, mimina rangi iloe, mtoto akandamize muhuri kwenye sponji kisha kwenye karatasi. Rangi inakuwa ya kutosha sio ya kufurika.

Kingine ni herufi. Mwanangu mkubwa alitaka herufi ya kwanza ya jina lake, ambayo ni E, nikachonga kwa madaha yote, kugonga ikatoka imegeuka inaangalia kushoto. Aliniangalia kama vile mimi ndo sijui kusoma. Herufi inachongwa kinyume, kwa hiyo iandike kwanza kwenye karatasi nyepesi, igeuze uione kwa nyuma kwenye mwanga, hiyo unayoiona kwa nyuma ndo uchonge. A, H, O na T hazina shida, zikigeuka zinabaki vile vile.

Kama kiazi kinakuuma roho, tumia bamia, ukiikata inatoa ua lenye pembe tano bila kuchonga chochote. Au kata shina la jani la mgomba, lile nene linaloshika jani, uone ndani lilivyo na vyumba vyumba kama sega la nyuki. Likigongwa linatoa mwezi mwembamba wenye madirisha, mimi nalipenda kuliko viazi vyote. Ila utomvu wa mgomba ukigusa nguo ni wa milele, nawaambia mapema.

Rangi, na ule mchezo wa manjano

Maganda ya vitunguu maji, jaza sufuria ndogo, chemsha nusu saa, unapata rangi ya chungwa inayoelekea kahawia. Kokwa la parachichi nalo likatekate, chemsha kwa moto mdogo saa moja, maji yanakuwa mekundu mekundu, ambayo mtu hawezi kuamini kwa kitu chenye moyo mweupe vile. Na kwa kuwa huku msimu wa parachichi makokwa yanazagaa tu hii ni bure kabisa. Tena likwangue kokwa moja kwenye sahani mbele ya watoto, msiongee, muangalie tu, ndani ya dakika chache ule weupe unageuka chungwa wenyewe. (Kukwangua ni kazi yako, sio ya vidole vidogo. Na kitambaa cha mezani kiondoe, doa la kokwa halitoki.)

Sasa manjano. Hii ndo iliyowanyamazisha watoto wangu kwa saa nzima, saa nzima jamani. Koroga kijiko cha chai cha manjano ya unga na maji kidogo, wapake karatasi nyeupe yote mpaka iwe njano, muianike ikauke. Wakati inakauka chukua kipande cha sabuni ya mche, kikoroge kwenye maji kwenye kikombe mpaka maji yawe meupe. Mpe mtoto kijiti chenye pamba, achovye kwenye maji ya sabuni, achore juu ya ile karatasi ya njano. Mstari unatoka mwekundu kama damu ya mzee. Mwanangu mdogo alichora mstari mmoja, akasimama, akaangalia kile kijiti, akaangalia ndani ya kikombe, akarudia kuangalia karatasi, halafu akaninong'oneza "mama, imeumia?"

Halafu mpe limao. Akipaka limao juu ya ule wekundu, unarudi njano. Wamefuta, wamechora, wamefuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Wamama tunalijua hili ila hatukuwahi kulifikiria, doa la pilau kwenye shati ukilipaka sabuni si linageuka jekundu ukadhani umeharibu? Ndo hiyo hiyo. Manjano yakikutana na kitu cha aina ya sabuni, magadi au maji ya majivu yanageuka mekundu, yakikutana na kitu kikali kama limao au siki yanarudi. Magadi yanatoa wekundu mzuri zaidi kuliko sabuni, lakini yakiingia machoni yanawasha vibaya, kwahiyo magadi mshikie wewe. Chokaa usiguse kabisa.

Rangi nyingine iko nje. Udongo mwekundu wa kwenye kingo za barabara, mweusi wa bondeni, majivu ya jikoni kwa kijivu. Ukaushe, uutwange, uuchekeche kwa chujio la chai au kipande cha pazia jepesi, kisha vijiko viwili vya udongo na kimoja cha ile gundi yetu, maji mpaka iwe kama uji mzito. Bila gundi ikikauka inapukutika yote sakafuni. Bibi zetu walisiliba nyumba kwa udongo wa rangi mbili, juu mwekundu chini mweusi, na hakuna aliyeenda dukani. Chorea kwenye boksi, sio karatasi, karatasi inalowa inajikunja. Udongo usiuchote karibu na choo wala mtaro.

Kufinyanga

Wengi mnajua vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vile vinavyovushwa na mitumbwi Ziwa Nyasa kuja kuuzwa Matema. Mimi nikienda Kyela lazima nirudi na kimoja, kwahiyo kwetu kipo, na kabla ya kuanza huwa nawapa watoto wakishike wapitishe vidole, waone ukingo wake.

Udongo wa mfinyanzi unaujua kwa kuuviringisha kama mnyoo halafu uuzungushe kwenye kidole, ukikatika haufai, ukizunguka bila kupasuka huo huo. Toa mawe na mizizi, changanya na mchanga laini kidogo, kanda kama chapati. Mtoto mpe bonge la kutosha kiganja, atoboe katikati kwa dole gumba, halafu aminye kuta taratibu huku anazungusha. Hicho ni kikombe. Wa miaka mitatu hatatengeneza kikombe, atatengeneza vinyoka ishirini na mavi ya mbuzi, sawa tu.

Kosa tunalofanya wote ni haraka ya kukausha. Ukiweka juani au karibu na moto kinapasuka, kwa sababu nje panakauka na kusinyaa wakati ndani bado pabichi. Kifunike kwa kitambaa, kiweke chini ya meza siku tatu, ndo ukifunue. Na hapa naomba mnisikie vizuri, usiingize jiko la mkaa chumbani kukausha kazi za watoto wala kuwapasha moto wenyewe huku milango imefungwa. Hewa ya ule mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa amelala.

Usipopata mfinyanzi kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, mafuta ya kula vijiko viwili na maji ya moto kidogo kidogo mpaka lisigande mikononi. Linakaa wiki kwenye mfuko uliofungwa. Akilamba kidogo haina neno, ila asile bonge, chumvi yote ile kwa tumbo la mtoto ni hatari.

Gari la mabua

Hii ni ya kiangazi, mahindi yakishavunwa, mwezi wa sita wa saba hivi. Mimi nimekua na kaka watatu kwahiyo naijua kuliko kupika. Chukua bua lililokauka vizuri, menya lile ganda gumu la nje. Menya wewe, lile ganda linakata kama wembe na mtoto hatasahau. Ndani kuna moyo mweupe mwepesi kama sponji, huo ndo mbao zako. Ganda lenyewe usitupe, lipasue vipande vyembamba kama kijiti cha meno, hivyo ndo misumari. Unachoma kijiti kinapita kwenye moyo wa bua moja kinaingia la pili, vimeshikana, hakuna gundi hakuna waya. Fremu ni mabua mawili marefu na manne mafupi ya kukatisha. Magurudumu kata kwenye ndala iliyokatika, toboa katikati, ekseli ni kijiti cha mwanzi. Wa miaka sita anaweza kuunganisha fremu mwenyewe ukishamkatia, na utashangaa anavyotulia akitafuta pa kuchoma.

Magunzi yaliyobaki ni midoli, kitambaa cha kitenge kutoka kwa fundi cherehani kiunoni, ndevu za mahindi kichwani. Sina maelezo zaidi, mtoto wa kike wa jirani atakufundisha.

Kusuka

Bibi yao mzaa mama yuko Iringa na anasuka vikapu vya milulu, yale majani kama matete yanayoota kwenye maji maji, na tukienda kumtembelea wakishasema kamwene wanakimbilia kwenye kikapu kilichoanzwa. Milulu kwa mtoto mdogo ni ngumu, kwahiyo mimi naanza na kalenda ya mwaka jana. Kunja ukurasa katikati, kata kuanzia kwenye mkunjo kwenda juu mistari yenye upana wa vidole viwili, acha sentimita tatu pembeni usikate mpaka mwisho. Kunjua. Kwenye ukurasa mwingine kata ukanda mrefu, huo unapita juu, chini, juu, chini. Ukanda wa pili unaanza chini. Hapo kwenye wa pili ndo watoto wote wanakosea, wanaanza juu tena, halafu wanashangaa kwanini vyote vinachomoka pamoja. Usimrekebishe haraka, acha auvute utoke wote, aone. Wangu alikosea mara nne, ya tano akawa anajisemea mwenyewe "huyu wa chini, huyu wa juu" kama bibi yake anavyohesabu.

Mpira

Sisi tulitengeneza mpira wa chandimu kwa mifuko ya rambo, ila tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwahiyo kizazi hiki soksi. Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na vipande vya godoro, fungia, geuza, ingiza kwenye soksi nyingine, zungushia kamba ya katani. Haidundi sana, na kwa mpira wa sebuleni hiyo ndo sifa.

Vitu vya kuweka mbali

Maharage na kokoto ndogo kwa walio chini ya miaka mitatu hapana. Na hata juu ya mitatu kaa macho, maana wangu wa mitatu na nusu tulikuwa tunabandika maharage kwenye boksi tutengeneze kuku, nikageuka kuzima jiko, nikarudi harage liko puani. Nilitaka kulitoa kwa kibano, jirani yangu ambaye ni nesi akanishika mkono, akasema ukisukuma linaingia zaidi na likikaa na unyevu linavimba. Tukaenda zahanati, likatoka, tukarudi. Kuku hakuisha.

Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazopendeza kwenye shanga, pamoja na mbegu za nyonyo, zote zina sumu kali, usizipe nafasi mezani. Unga mweusi wa betri za tochi, ambao zamani tulikuwa tunapakia ubao wa darasani, nao acha, unataka nyeusi twanga mkaa uchanganye na gundi.

Kazi zao natundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba sebuleni, na za zamani naziondoa usiku wakiwa wamelala. Kama na wewe umejaribu ule mchezo wa manjano na yamekumwagikia, usipoteze sabuni, jua linafifisha lile doa lenyewe ukianika siku kadhaa. Mimi cha kwangu, kitambaa cha meza cha mama mkwe, kiko kwenye kamba wiki ya pili sasa na jua lenyewe bado halijatoka.